Maziwa Chini ya Buibui

Wiki niliyorudi kuvaa buibui, mwalimu wa dini alinipongeza mbele ya walimu wote. Alisimama kando ya meza yangu na kikombe chake cha chai, akasema anamshukuru Mungu kuona msomi amekumbuka stara, na kwamba wasichana wa shule sasa wana kigezo. Niliinamisha kichwa, nikamjibu ahsante, maalim. Mikono yangu sikuitoa nje. Nadhani alifikiri ni haya. Ukweli ni kwamba mkono mmoja ulikuwa umeshika chupa na wa pili ulikuwa kazini.

Mimi nilikuwa mtu wa kulicheka buibui. Nilipokuwa chuo kikuu, Nairobi, niliandika insha ndefu juu ya vazi la mwanamke wa Pwani na utumwa wake. Kila mstari ulikuwa na neno kama "mfumo" au "ukandamizaji", na mhadhiri aliyenipa alama nzuri sidhani kama aliwahi kufika Mombasa. Nilirudi Kisauni na shahada, gauni la kufika chini ya magoti na kitambaa chepesi cha kichwa. Mama mkwe wangu alinitazama juu chini siku ya kwanza, akasema, "Mwanangu, umesoma mpaka nguo zimepungua."

Binti yangu alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Junda. Mume wangu alifanya kazi za zamu huko Changamwe, na saa zake za kulala zilikuwa saa za watu kuamka. Mama yake alikuja kuniangalia uzazi. Arobaini ilipokwisha hakuondoka, na mimi sikumkumbusha. Siku zile arobaini nilikaa kama mke wa liwali: nikikandwa kwa maji moto, nikinyweshwa uji wa pilipili manga uliotoa machozi, nikikatazwa kushika ufagio. Mtoto alinyonya na kulala, akalala na kunyonya. Nikajiona nimefuzu somo jingine, tena bila kusoma.

Likizo ya uzazi ilikuwa miezi miwili. Ilipokwisha nilirudi shuleni, shule ya upili ya wasichana upande wa Bombolulu, kufundisha historia. Nyumbani niliacha kopo la maziwa ya unga, maji yaliyochemshwa na maelekezo niliyomsomea mama mkwe mara mbili kwa sauti ya mtu anayeongea na kiziwi. Maelekezo aliyafuata. Mtoto ndiye aliyekataa kuyafuata. Kabla ya wiki kwisha tumbo lilikuwa likimwendesha, utosi umebonyea, na kilio chake kimekuwa chembamba kama cha paka.

Wanawake wa uani waliingia kumtazama, wakatazamana wao kwa wao. Mmoja akasema kwa upole mkubwa, "Huyu amebemendwa." Kwa wasiojua, maana yake ni kwamba baba na mama wameshindwa kuvumiliana mpaka mtoto aache ziwa, na mtoto ndiye anayelipa. Mume wangu, ambaye nilikuwa nikikutana naye mlangoni tu, yeye akiingia na mimi nikitoka, alisikia akacheka mpaka akakaa chini.

"Wallahi ningependa kuwa na hatia hiyo," akasema.

Mimi sikucheka. Nilimfunga mtoto kwa leso nikaenda kliniki Frere Town. Muuguzi alikuwa mwanamke mnene asiyependa maneno mengi. Alibonyeza ngozi ya tumbo la mtoto, akaniuliza, "Maziwa unayo?"

"Ninayo. Jana yamenimwagikia nikiwa ubaoni."

"Basi kopo la nini?"

"Nafanya kazi."

"Hata mimi nafanya kazi," akasema, akanionyesha. Aliosha mikono yangu, akaviweka vidole vyangu mahali pake, akanifundisha kukama maziwa yangu mwenyewe ndani ya kikombe. Kisha akaniambia jambo moja ambalo lilinikaa kichwani miezi yote ile: kopo halimpendi mtoto huyu, na ziwa lisilotolewa maziwa mchana kutwa hukauka. "Ukikauka wewe," akasema, "tutaonana hapa kila wiki. Na utosi kama huu sipendi kuuona mara mbili."

Hapo ndipo vita vyangu vilipoanzia, na sikuwa nikipigania haki za wanawake wala kitu chochote kilichokuwa katika insha yangu. Nilikuwa nikipigania kikombe kimoja cha maziwa kwa siku.

Kwa kuwa nilikuwa msomi, kwanza nilitafuta kifaa. Duka moja la dawa mjini liliniuzia pampu: kioo chenye mdomo kama wa tarumbeta, na nyuma yake mpira mwekundu wa kubinya. Mama mkwe aliutwaa, akaubinya, ukalia.

"Hii ni ya mtoto ama ya baiskeli?"

Ilikuwa ya baiskeli. Iliniuma, ikanitoa matone yasiyojaza kifuniko cha soda, ikalia kila nilipoibinya hadi watoto wa jirani wakaanza kuiigiza. Niliiweka juu ya kabati na kurudi kwa vidole vyangu.

Mama mkwe naye alikuwa na hoja zake, na hazikuwa za kudharau. Kwanza, maziwa ya mwanamke aliyetembea juani ni maziwa ya jua. Yanatakiwa yamwagwe, asipewe mtoto. Pili, na hili ndilo lililomtisha hasa, maziwa hayaonyeshwi watu. "Mato ya watu ni mabaya, mwanangu. Utayabeba ndani ya chupa, weupe wote ule, kila mtu ayatazame? Atakayeyatia mato, mtoto atakunywa nini? Atakunywa mato ya watu." Na kwa jumla, akamaliza, ng'ombe ndiye akamwaye, si mke wa mtu.

La jua nililimaliza kwa kununua barafu. Mwanamke wa nyumba ya pili aliuza vipande vya barafu katika mifuko ya nailoni. Kila asubuhi niliweka kimoja katika kikapu cha ukili, nikakizungushia kitambaa kibichi, chupa ikakaa katikati kama bibi harusi. Lakini la macho, yale mato yake, lilibaki. Nilimwambia tu kwamba nitajificha. Nikaenda kutafuta pa kujifichia katika shule ya wasichana mia kadhaa.

Mwalimu wa sayansi kimu, mwanamke kutoka Rabai mwenye watoto wanne na mdomo usiokopa, ndiye aliyenipa ufunguo wa stoo yake. Ilikuwa chumba kidogo cha masufuria na vyungio, hakina dirisha, joto lake la kuivisha mkate bila oveni. Niliketi juu ya gunia la unga na kukama. Wiki mbili mambo yalikwenda. Mtoto alikunywa kwa kikombe na kijiko, tumbo likatulia, utosi ukajaa. Mama mkwe akaanza kumwita "bonge wangu".

Kisha naibu wa mwalimu mkuu akasikia.

Mwalimu mkuu wetu alikuwa mtu wa mikutano ya mjini, kwa hiyo shule ilikuwa mikononi mwa naibu: mwanamume nadhifu, suruali imepigwa pasi mpaka ina makali, mpenzi wa ratiba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeamini kwamba kila kitu kina mahali pake, na kwamba yeye ndiye aliyepewa orodha ya mahali hapo. Alinisimamisha kwenye ukumbi.

"Mwalimu, stoo ile ni mali ya idara."

"Na mkuu wa idara ndiye aliyenipa ufunguo."

"Wasichana wanauliza maswali."

"Si ndiyo tunawafundisha waulize?"

"Mambo ya chumbani yabaki chumbani," akasema.

"Chumbani kwangu sina vipindi, bwana naibu. Vipindi viko huku."

Nilikuwa na ulimi wakati ule, na nilidhani ulimi unatosha. Alinyoosha mkono akachukua ufunguo. Akaongeza, kwa nia njema ninaamini, kwamba ningeweza kwenda nyumbani wakati wa chakula cha mchana. Kutoka Bombolulu hadi Junda na kurudi kwa wakati ule ningefika mlangoni, nimpungie mtoto mkono na kugeuka.

Nikajaribu vyooni. Palikuwa na foleni ya wasichana nje ya kila mlango. Maziwa hayashuki kwa amri. Ukiwa na wasiwasi yanakaa hukohuko juu, yanasubiri utulie. Nilisimama mle, kikombe mkononi, miguu imekwepa maji, nikijaribu kumfikiria mtoto wangu, na nje sauti ikaita, "Mwalimu, umezimia?" Nilijaribu darasa lililokuwa tupu, likaacha kuwa tupu. Nilijaribu nyuma ya maktaba. Mtunza bustani alinikuta, akatupa jembe na kukimbia kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na jembe.

Chupa iliyokuwa ikijaa ikawa inafika nusu. Kisha robo. Jioni moja nilifika nyumbani nikakuta kopo la maziwa ya unga limefunguliwa tena. Mama mkwe hakunitazama usoni. "Alikuwa yualia njaa," akasema. "Ningempa nini?" Baada ya siku mbili mtoto alikuwa anahara, na ule utosi aliousema muuguzi ukaanza kubonyea tena.

Na katika wiki hiyohiyo naibu akatoa amri mpya. Alikuwa amechoka, alisema, na walimu wanaotangatanga. Kuanzia sasa mwalimu asiye na somo akae chumba cha walimu, kwenye kiti chake, mahali anapoonekana. Alisema bila kunitazama, na wote wakanitazama.

Siku ile niliporudi nyumbani mama mkwe alikuwa akijitayarisha kwenda mazishini, na amevaa buibui lake la kizamani. Wanawake wa umri wangu waliovaa mabuibui walivaa ya mtindo wa koti, yenye mikono na vifungo. Lake lilikuwa lile la zamani: nguo moja pana nyeusi, inafungwa kwa kamba kichwani na kumwagika mpaka miguuni, haina mikono kabisa. Aliketi juu ya mkeka kumngoja jirani. Nikamwona, au niseme sikumwona, akifunga upya leso yake humo ndani. Kisha akatoa tambuu, akaitengeneza, chokaa na popoo na vyote, mkono ukachomoza mara moja kuitia mdomoni ukarudi ndani. Kazi yote ile, na sikuona kidole.

Nilibaki nimesimama na mtoto begani. Miaka minne ya chuo kikuu niliandika kwamba lile vazi ni gereza. Hakuna aliyenidokeza kwamba ni chumba.

"Mama," nikasema, "niazime buibui."

Uso wake uliangaza. "Mungu mkubwa," akasema. "Nimeomba dua nyingi, mwanangu."

Ikabidi nimwambie ya nini. Uso ukazima. Akaisogeza tambuu shavu la pili.

"Buibui ni stara," akasema.

"Na mimi stara ndiyo ninayoitafuta."

"Mbele ya wanaume?"

"Wataona nini? Mimi hapa sasa hivi nimeona nini? Mama, hakuna jicho hata moja litakaloyaona maziwa. Si shuleni, si njiani. Yatatoka humo ndani, yafunikwe humo ndani, yaingie kikapuni humo ndani."

La macho ndilo lililomshinda. Alifungua sanduku lake, akatoa jingine kuukuu zaidi, jeusi lililoanza kugeuka kahawia mabegani. Hakunipa lile la mazishini. Hakuwa amekubali kiasi hicho.

Hivyo ndivyo nilivyoongoka.

Ilihitaji mazoezi. Gauni liwe la vifungo vya mbele. Chupa ikae kati ya magoti, leso ikae chini ya chupa. Juu ya meza nilitandaza gazeti, nikaliinamia kama mtu anayetafuta kazi. Kulikuwa na shida moja: mikono yote iko ndani, na gazeti halijigeuzi. Nilikaa kipindi kizima na ukurasa mmoja wa matangazo ya mnada. Jasho lilinitiririka mgongoni hadi kwenye viatu, maana ilikuwa miezi ya joto kali na mimi nimejifunika kama mkate unaosubiri kuumuka. Lakini nilikuwa nimeketi kwenye kiti changu, mahali ninapoonekana, na ndani ya giza langu maziwa yalishuka. Yalishuka vizuri kuliko yalivyoshuka stooni. Chupa ilijaa.

Mwalimu wa sayansi kimu alijua siku ya kwanza. Alipita karibu, akasimama, akanitazama magoti.

"Dada," akanong'ona, "hilo gazeti ni la juzi."

"Najua."

Akanyoosha mkono akanigeuzia ukurasa. Tangu hapo alinigeuzia kila alipopita, bila neno, na nikapata kujua habari za dunia.

Wengine walinipongeza. Walimu vijana walianza kunisalimia kwa heshima zaidi. Naibu mwenyewe aliniambia kwamba amefurahi kuona nimetulia. "Ona sasa," akasema, "ukifuata utaratibu kila kitu kinakwenda." Nikamwambia ni kweli kabisa, na sikusema uongo.

Najua kuna watakaosoma hapa wakaniona mnafiki, nimechezea vazi la heshima, nimepokea sifa zisizo zangu. Nimelisikia hilo hata kwa rafiki zangu. Jibu langu ni lile lile: mtoto alipona. Kama sifa zile zilikuwa na mwenyewe, mwenyewe alikuwa akiongezeka uzito kule Junda.

Sasa nije kwenye mkutano. Asubuhi hiyo chupa iliteleza mikononi mwa mama mkwe akiwa anaisuuza, ikavunjika. Hakukuwa na nyingine yenye mdomo mpana. Akanipa kikombe cha bati chenye kifuniko, akakichemsha, nikakitia kikapuni bila kufikiri. Mkutano wa walimu ulikuwa uishe kabla ya saa yangu ya kukama. Ulikuwa wa naibu, kwa hiyo haukuisha. Alikuwa na mambo tisa ya kujadili na kila jambo lilikuwa na vifungu. Kifua kilijaa, kikauma, kikaanza kulowesha gauni. Nikatazama pande zote: feni ya darini inaunguruma, watu wanasinzia, naibu yuko kwenye suala la sare za michezo. Nikafungua vifungo.

Na umeme ukakatika.

Feni ilipunguza mwendo, ikasimama. Chumba kikawa kimya kama msikiti mchana. Na katika ukimya huo maziwa yakapiga ubavu wa bati: chwii. Kisha tena, chwii. Chwii.

Naibu akanyamaza. "Ni nini hicho?"

"Panya," akasema mtu nyuma. Mwalimu wa dini akanyanyua miguu.

"Panya hapigi kwa mpango hivyo," akasema mwalimu wa hesabu.

"Labda bomba linavuja."

"Bomba gani? Wiki nzima halijatoa tone."

Ningeweza kuacha vidole. Lakini maziwa yakishaanza kushuka hayaachi kwa sababu kuna mkutano; yaliendelea kudondoka yenyewe, taratibu, ndani ya bati, na kila mtu akaanza kugeuza kichwa kufuata sauti. Mwalimu wa sayansi kimu alikuwa ameuma kiganja chake. Macho ya naibu yalinifikia mwisho.

Nilikuwa na muda wa kufikiria uongo. Nilikuwa na uongo mzuri hata. Lakini niliuona mbele yangu wote: leo nitasema ni saa yangu inayolia, kesho nitasema nini, na keshokutwa nitakuwa chooni tena na kopo litafunguliwa. Nikachoka kabla sijaanza.

"Ni mimi, bwana naibu," nikasema. "Nakama maziwa ya mtoto. Endelea, tunakusikiliza."

Naibu akaishusha karatasi yake.

"Hapa?" akasema. "Hapa! Mbele ya wanaume?"

"Wanaume wameona nini?"

Akageuka kuwatazama, kama mtu anayetafuta mashahidi. "Mmeona nini?"

Walitazama viatu vyao. "Mimi nimeona buibui," akasema mwalimu wa hesabu mwishowe. Mwalimu mmoja wa makamo alikusanya vitabu vyake akatoka nje kwa hasira, na mlango aliubamiza. Hatukusalimiana mwaka mzima, na hasara ile niliivumilia.

"Mwalimu, toka nje," naibu akasema.

"Nje wapi? Stoo umeifunga. Vyooni kuna foleni. Na amri yako inasema nikae kwenye kiti changu mahali ninapoonekana." Nikamtazama. "Sionekani?"

Mtu akacheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Niliyemhofia hasa hakuwa naibu. Alikuwa mwalimu wa dini, ambaye sasa alikuwa akinitazama kwa mara ya kwanza bila kuinamisha macho.

"Kwa hiyo muda wote huu..." akasema.

"Ndiyo, maalim."

"Hata siku ile nilipokupongeza?"

"Siku ile ilijaa chupa nzima."

Akasugua ndevu. Nilidhani sasa nitasomewa mawaidha. "Bwana naibu," akasema polepole, "mtoto kunyonya ni haki yake. Hilo halikutungwa katika shule hii, na sidhani shule hii inaweza kulifuta." Kisha akainua kiti chake, akakigeuza kuelekea dirishani na kunipa mgongo, kama mtu anavyompisha mwanamke njiani. Wanaume wengine wawili wakafanya hivyo. Waliobaki hawakujua wafanye nini na uso, wakaufunika kwa karatasi za mkutano. Naibu alimaliza suala la sare za michezo akihutubia migongo mitatu. Nami nilimaliza upande wa pili.

Nyumbani nilimweleza mama mkwe kila kitu, maana angesikia kwa watu. Alishika mdomo.

"Ulilitamka? Neno lenyewe, kukama?"

"Neno lenyewe."

"Na mato?"

"Hawakuona kitu, mama. Walisikia tu."

Alifikiri kama masikio nayo yanaweza kudhuru. Aliamua asibahatishe. Alichukua chumvi na pilipili kavu, akamzungushia mtoto kichwani, akavitupa kwenye makaa ya jiko, moshi ukatukohoza wote watatu. Mimi, mwenye shahada, ndiye niliyemshika mtoto. Kisha akampa yale maziwa kwa kijiko, kidogo kidogo, akiyasemea bismillahi, na mtoto akayanywa yote, akalamba kijiko.

"Kesho utafanyaje?" akaniuliza.

"Nitaenda kazini."

Kesho yake nilikuta ufunguo wa stoo juu ya meza yangu. Naibu alikuwa kwenye meza yake, anaandika, hajainua kichwa. Niliushika. Ulikuwa ushindi, na ningeweza kuuchukua na kwenda kukaa juu ya gunia la unga pasipo mtu wa kunisumbua, mpaka siku atakapoamua kuutaka tena. Nikaupeleka kwa mwalimu wa sayansi kimu.

"Wa idara yako," nikamwambia.

"Huendi?"

"Kule kuna joto."

"Na humo ndani ya hilo guo kuna baridi?" akasema, akautia mfukoni.

Nikarudi kwenye kiti changu. Niliketi, nikaweka kikombe kati ya magoti, nikafungua vifungo. Na hapo ndipo nilipoogopa kweli, kuliko siku ya mkutano. Wiki zote zile nilikama kwa sababu hakuna aliyejua. Sasa kila mtu alijua. Mwalimu wa hesabu alikuwa akisahihisha madaftari kwa bidii isiyo ya kawaida. Mwalimu wa dini alikuwa amegeuza kiti chake mapema. Naibu aliandika, akafuta, akaandika. Niliminya, na hakukutoka kitu. Niliminya tena. Yalikuwa yamekwama juu kama siku za vyooni, na nikajua kwamba aibu ikinishika leo itanishika na kesho, na baada ya wiki nitakuwa nimekauka, na hapatakuwa na mtu wa kumlaumu maana hakuna tena aliyenikataza.

Nikafumba macho. Nikajaribu kumfikiria mtoto, nikashindwa. Nikamfikiria mwanamume nadhifu anayefuta alichoandika kwa sababu mimi niko chumbani. Nikajiuliza nina aibu ya nini hasa. Nikatafuta kwa uaminifu, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka, na sikuiona.

Tone la kwanza lilianguka. Kisha la pili. Kisha yakaja yenyewe, yakalipiga lile bati kwa sauti ambayo hakuna aliyeweza kujifanya haisikii, na sikuelekeza kikombe upande ili kuipunguza. Naibu aliinua kichwa, akanitazama. Nilimtazama pia, huku nakama, mpaka akarudi kwenye karatasi zake. Kengele ilipolia nilifunga kifuniko, nikafunga vifungo, nikatia kikombe kwenye barafu, nikaenda kufundisha kidato cha tatu.